Mkanda Mweusi Ukipanda Ulingoni

Kijiwe chochote cha Dar kinapotazama pambano la ngumi, iwe Manzese au Mbagala, hakikosi mtu wa kusema kwamba bondia huyo akikutana na mtu wa karate hamalizi raundi. Hakikosi pia wa kumjibu kwamba karate ni mambo ya sinema. Ubishi huu ni mkongwe. Waliokuwa wakijazana Empire, Avalon na Drive-In kuangalia filamu za kungfu waliwarithisha watoto wao, watoto wakauendeleza kwenye vibanda vya video, na sasa umehamia kwenye simu. Hauishi kwa sababu kila upande una ushahidi wa kweli. Mmoja atakutajia Lyoto Machida, mtoto wa mwalimu wa Shotokan, mtindo mmoja wa karate, aliyetwaa mkanda wa UFC, ligi kubwa ya MMA ya Marekani, wa uzito usiozidi kilo 93 Mei 2009 kwa kumzimisha Rashad Evans. Mwingine atakufungulia video ya Chengdu, China, Aprili 2017: Xu Xiaodong, mpiganaji wa MMA (mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka), anamporomosha mwalimu wa tai chi, sanaa ya jadi ya China, Wei Lei, na kazi inakwisha kabla ya nusu dakika.

Yote mawili yalitokea. Kosa liko kwenye swali. Tunauliza kama sanaa za jadi zinafaa, kana kwamba ujadi wenyewe ndio tatizo au ndio dawa. Sheria za Queensberry, zilizozaa ngumi tunazozijua, ni za 1867. Judo ya Jigoro Kano ilianza 1882, na jina la taekwondo lilianza kutumika 1955. Kwa hesabu hiyo, ngumi ndizo za jadi na taekwondo ndiyo mtoto. Muay Thai, ngumi na mateke ya Thailand, nayo mpaka leo hutanguliwa na ngoma ya kumheshimu mwalimu, mpiganaji akiwa na utepe kichwani, na hakuna aliyewahi kupigwa goti la Muay Thai akasema hayo ni mambo ya kale.

Maswali yanayosaidia ni mawili. La kwanza: sheria za mashindano ya sanaa hiyo zinaruhusu nini na zinakataza nini? La pili: mazoezini, mwenzako anakukatalia kwa kiasi gani? Ukiyajibu hayo kwa uaminifu, unaweza kumtazama mtu dakika tano tu dojoni na ukajua atapigwaje ulingoni.

Kano alichokigundua

Kano aliikuta jujutsu ya Japani ikiwa na mbinu nyingi za kuvunja na kuumiza, ambazo kwa asili yake huwezi kumfanyia mwenzako kwa nguvu zote halafu kesho mkaonana tena mazoezini. Akazigawa. Za hatari zaidi akaziweka kwenye kata, mfuatano wa mapigo na harakati zilizopangwa. Zile ambazo watu wanaweza kufanyiana kwa nguvu bila kuvunjana akaziweka kwenye randori, yaani kushikana kwa uhuru, kila mmoja akijaribu kweli kumwangusha mwenzake na kila mmoja akikataa kweli kuanguka.

Hapo ndipo ubishi wote unapofunguka. Mbinu ya kutisha ambayo hujawahi kumfanyia mtu anayekataa ni dhaifu kuliko mbinu ya kawaida uliyoifanya kwa anayekataa mara elfu. Mwenye mbinu ya kwanza anajua umbo lake. Mwenye ya pili anajua lini inakubali, lini inagoma, na ikigoma aende wapi.

Wanaosema mbinu zao ni za kuua, ndiyo maana haziruhusiwi ulingoni, wana hoja ndogo. Ni kweli kwamba Sheria za Pamoja za MMA zinakataza kutoboa macho, kupiga kisogoni, kooni na sehemu za siri, kuvunja kidole kimoja kimoja na kumgonga mwenzako kwa kichwa chako. Lakini UFC ya kwanza, Denver, tarehe 12 Novemba 1993, ilikataza mambo machache tu, kama kung'ata na kutoboa macho. Hakukuwa na makundi ya uzito. Aliyeshinda watu watatu usiku mmoja alikuwa Royce Gracie, mtu wa kilo 80 hivi. Alimshinda bondia Art Jimmerson, aliyepanda na glovu moja tu, kisha Ken Shamrock, kisha Gerard Gordeau wa savate, kikboksi ya Kifaransa. Hakutumia pigo la siri. Aliwapeleka chini wote watatu, akawabana mpaka wakasalimu amri. Na jujitsu ya kwao ilitokana na judo: Mitsuyo Maeda, mwanafunzi wa Kodokan, shule ya judo ya Kano, ndiye aliyemfundisha Carlos Gracie huko Brazil. Kwa hiyo hata usiku ule unaosemwa kuwa ulizika sanaa za jadi, aliyebeba ushindi alikuwa mjukuu wa sanaa ya jadi.

Mfano wa karibu na kwetu ni mieleka ya Senegal, laamb, yenye hirizi, ngoma na mchanga. Oumar Kane, anayejulikana kama Reug Reug, alitoka huko na Novemba 2024 akamshinda Anatoly Malykhin akawa bingwa wa uzito wa juu wa ONE, shirika la MMA la Asia. Ukiondoa ngoma na hirizi, laamb ni watu wazito wanaoangushana kwa nguvu zote mbele ya umati. Swali la pili limejibiwa tangu wakiwa watoto.

Karate: umbali, na tabia ya kusimama

Karate ndiyo inayostahili kukaliwa muda mrefu, kwa sababu ndiyo iliyosambaa zaidi Dar. Mtindo wa Goju-ryu umeota mizizi hapa tangu miaka ya 1970, na Shotokan ina wafuasi wake. Pia ndiyo sanaa ambayo hasara yake na faida yake zinatoka mahali pamoja.

Kumite, yaani pambano la karate, ya mashindano ya kimataifa ni dakika 3. Pigo linalofika safi lina pointi 1, 2 au 3, teke la kichwani likiwa 3, na mwamuzi husimamisha kila pointi. Kichwani unatakiwa kugusa, si kubomoa. Kwenye fainali ya Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza 4 kwa 1 alipompiga Sajad Ganjzadeh wa Iran teke lililomlaza bila fahamu. Kwenye UFC angebebwa juu. Pale aliondolewa kwa kupiga kwa nguvu kupita kiasi, na aliyekuwa amezimia akaamka kuambiwa kwamba dhahabu ni yake. Sitaki kuibeza sheria hiyo, ina mantiki yake. Lakini mtu aliyelelewa ndani yake miaka 10 amefundishwa kitu mahususi sana.

Amefundishwa umbali. Anakaa hatua moja na nusu nje ya ngumi, anaingia kama risasi kwa ngumi ya mkono wa nyuma, na anatoka kabla mwenzake hajajibu. Bondia wa Dar aliyezoea kupigana akiwa karibu hujikuta anapiga hewa. Kwenye MMA faida hii ni kubwa kuliko kwenye ngumi, na sababu ni vipimo. Oktagoni ya kawaida ya UFC, ngome yake ya pembe nane, ina upana wa mita 9.1, ulingo wa ngumi za kulipwa huwa kati ya mita 4.9 na 7.3 kila upande. Tatami ya karate, yaani uwanja wake wa mkeka, ni mita 8 kwa 8. Mcheza karate akiingia oktagoni anakuta nafasi aliyoizoea, na pembe zake ni butu. Akiingia kwenye ulingo wa ngumi wa mita 5, akirudi nyuma mara mbili tayari kamba ziko mgongoni na pembe imemshika.

Kuna na glovu. Bondia hujificha nyuma ya glovu zake za gramu 227 au 284, na kinga hiyo inatosha. Glovu ya MMA ina gramu kama 113 na vidole viko wazi. Ukijificha nyuma yake, ngumi zinapenya kama hakuna kitu. Hapo mtu anayejikinga kwa kuondoka, kama karate inavyofundisha, ana nafuu kuliko anayejikinga kwa kujifunika.

Sasa upande wa pili. Msimamo wa karate ni mrefu na wa ubavu, mguu wa mbele umetangulia mbali na umebeba uzito mwingi ili mtu aweze kuruka kuingia. Kwenye kumite ya pointi hakuna anayeupiga mguu huo. Kwenye kikboksi na MMA ndio wa kwanza kupigwa. Mauricio Rua alilionyesha hili kwa Machida mwenyewe Oktoba 2009: alimchapa mapaja na ubavu raundi tano nzima. Majaji walimpa Machida, watu wengi wakaguna, na Mei 2010 waliporudiana Rua alimzimisha raundi ya kwanza. Siku hizi kuna teke la kigimbi ambalo ni baya zaidi. Hugonga nje ya mguu, chini kidogo ya goti, pale ambapo mshipa wa fahamu unapita juu ya mfupa bila nyama ya kuulinda. Matatu au manne yakiingia sawasawa, unyayo unagoma kuinuka na mtu anaanza kujikwaa mwenyewe.

Tatizo la mikono mnalijua. Kata hufundisha kuuvuta mkono mmoja hadi kiunoni wakati mwingine unapiga. Mkono ule ulikuwa na kazi: umeshika nguo au kiganja cha mwenzako, unamvuta aje kwenye ngumi. Ukiwa umevaa glovu hakuna cha kuvuta, na kidevu chako kimebaki bila mlinzi upande huo. Mtu anayejua ngumi akiona mkono umeshuka mara mbili, mara ya tatu anaingiza ngumi ya kuzunguka pale pale.

Lakini tabia iliyo hatari kuliko zote haionekani kwenye picha: kusimama baada ya kupiga. Miaka yote pigo la mcheza karate likifika mwamuzi alisema yame, yaani simama, wote wakatulia. Ulingoni anafikisha ngumi nzuri, kisha mwili wake unangoja nusu sekunde kusikia sauti ambayo haiji. Wengi hupigwa katika nusu sekunde hiyo, na hutoka wakisema mwenzao ana bahati.

Katika mateke, lililovuka salama kuliko yote ni teke la mbele lililonyooka. Februari 2011 Anderson Silva alimlaza Vitor Belfort kwa teke hilo kidevuni, na kabla miezi mitatu haijaisha Machida akamfanyia hivyo hivyo Randy Couture. Linafanikiwa kwa sababu linapanda katikati ya viwiko, chini ya mstari wa macho, na goti linapoinuka mwenzako hajui kama ni teke, goti au unataka kusogea tu. Namna ya karate, ya kuvuta vidole nyuma na kupiga kwa mto wa unyayo, ina faida ya ziada ukilenga tumbo: eneo linalogonga ni dogo, kwa hiyo linachoma. Hasara yake ni kwamba ukikosea ukagonga kiwiko, vidole ndivyo vinavyolipa.

Kyokushin ni karate nyingine kabisa kwa kipimo chetu. Hupigana bila glovu, kwa nguvu zote, mateke ya paja na ngumi za kifua na mbavu, ila ngumi za kichwani ni mwiko. Matokeo yake ni watu wenye mapaja ya chuma na mbavu zisizosikia, wanaopigana vipaji vya nyuso vikikaribia kugusana na mikono iko usawa wa kifua. Tazama alichokipitia Andy Hug wa Uswisi kwenye K-1, mashindano ya kikboksi ya Japani: mwaka 1994 Patrick Smith alimmaliza kwa ngumi ndani ya sekunde 19. Alirudi kujifunza kulinda kichwa, na mwaka 1996 alitwaa ubingwa wa K-1 kwa kumwangusha Mike Bernardo fainali, tena kwa teke la kugeuka lililopiga paja. Silaha zake hazikubadilika. Alichoongeza ni mlango ambao Kyokushin iliuacha wazi.

Taekwondo na kungfu

Taekwondo ya Olimpiki hutoa pointi 2 kwa teke la kifuani, 3 la kichwani, na huongeza 2 ukigeuka kabla ya kupiga. Ngumi ya kifuani ina pointi 1 na ya kichwani hairuhusiwi. Chini ya kiuno hakupigwi. Basi mchezaji wake ana nyonga zinazofunguka ajabu, mguu wa mbele mwepesi kama jebu (ngumi ya haraka ya mkono wa mbele), na mikono inayoning'inia. Teke lake likidakwa yuko kwenye mguu mmoja na hajui la kufanya, maana kwenye sheria zake kushika hakuruhusiwi. Anthony Pettis aliyeruka kutoka kwenye ukuta wa ngome kumpiga Ben Henderson Desemba 2010 alitoka kwenye taekwondo, lakini alikuwa amekwisha kujifunza ngumi na mieleka. Hiyo ndiyo njia: taekwondo ikija ya pili, inatia utamu, ikija peke yake, inaumia.

Kungfu ina majibu mawili kwa jina moja. Shule zenye kata nyingi na sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, kidogo hutoa watu wa aina ya Wei Lei, na wala si kosa lao: hawajawahi kukataliwa. Sanda, mchezo wa kupigana wa China wenye ngumi, mateke na kuangusha, hutoa watu wa aina nyingine. Zhang Weili alipitia sanda, na Agosti 2019 huko Shenzhen alimmaliza Jessica Andrade kwa sekunde 42 akawa bingwa wa UFC. Ukienda kujiandikisha kungfu Dar, uliza moja tu: kuna siku ya kuvaa glovu?

Judo, na habari ya sakafu

Judo inajibu vizuri maswali yote mawili, na bado ina mitego. Ronda Rousey alipata shaba ya Olimpiki Beijing 2008, akawa bingwa wa kwanza wa wanawake wa UFC. Kazi yake ilikuwa moja: kumshika mtu kichwa na mkono, kumpitisha juu ya nyonga, na kutua naye akiwa tayari ameushika mkono wa kuvunja. Februari 2015 ilimchukua sekunde 14 kwa Cat Zingano. Novemba mwaka huo huo Melbourne, Holly Holm, bondia, alimkatalia kushikwa. Alitoka kwa pembe, akapiga, akatoka tena, na raundi ya pili teke la kichwani likamaliza. Judo ya Rousey haikuharibika siku ile, haikufika.

Mtego wa pili ni nguo. Mcheza judo hushika kola na mkono wa gi, nguo yao ya mazoezi. Mwili mtupu wenye jasho la Dar haushikiki hivyo. Anayehamia MMA lazima ajifunze upya: mkono mmoja upite chini ya kwapa la mwenzake, kiganja kikae juu ya bega la nyuma, mkono mwingine ufunge mkono wake juu ya kiwiko, kichwa kikae upande wa kwapa ulilopita, kikimsukuma kidevu. Kutoka hapo mtupo wa nyonga na ngwala za ndani zinafanya kazi. Mitupo ya kumgeuzia mtu mgongo kikamilifu bila kufunga mkono wake iache; ikishindikana, umemzawadia mgongo wako na kabari ya nyuma, ile mitaani inayoitwa roba. Hiyo ikikaa kwenye mishipa ya pembeni mwa shingo, mtu huzimika kwa sekunde 10 hivi.

Mtego wa tatu umetengenezwa na sheria. Shirikisho la judo lilianza kubana kushika miguu 2010, na 2013 likapiga marufuku kabisa. Kijana aliyeanza judo baada ya hapo hana kinga ya asili dhidi ya mtu anayemvamia miguuni, na hilo ndilo shambulio la kwanza la kila mwanamieleka. Wakubwa huziba pengo hilo: Kayla Harrison, mwenye dhahabu mbili za Olimpiki za judo, alitwaa mkanda wa UFC Juni 2025 kwa kumkunja mkono Julianna Peña. Mkunjo ule unaitwa kimura, kwa jina la Masahiko Kimura, mcheza judo aliyeutumia kumvunja mkono Helio Gracie mwaka 1951.

Kwa nini basi Dar ina mabondia wengi na wacheza judo wachache? Sehemu kubwa ya jibu iko chini ya miguu. Ngumi zinahitaji glovu, bandeji, begi na uwanja wa sementi. Judo haiwezi kufanywa kwenye sementi. Eneo dogo kabisa la maana ni mita 6 kwa 6, maana yake vipande 36 vya mkeka vya mita moja moja. Unene uwe sentimita 4. Vile vya sentimita 2 vinavyouzwa kwa vyumba vya watoto havifai kutupana: kichwa kinaisikia sakafu. Kwenye eneo hilo jozi nne zinaweza kupambana chini, lakini kwa kutupana zisizidi mbili. Vipande vya kuunganisha kwa meno huachana taratibu, na kidole cha mguu kikiingia kwenye mwanya wakati mtu anageuka, kidole kinavunjika. Bana kingo zote kwa ubao. Fagia na upige deki kila baada ya zoezi kwa jiki, sehemu 1 kwa sehemu 50 za maji, uache dakika 10 ndipo ufute. Jimu isiyofanya hivyo huonekana kwenye ngozi za watu wake: choa shingoni na majipu magotini.

Mchanga wa Coco Beach ni msaada wa bure, ila si kwa kila kitu. Kwa kukimbia, kujifunza kuanguka na kutupa miguu nyuma unafaa sana. Kwa mateke ya mzunguko haufai: unyayo wa mguu uliosimama unazama na haugeuki, msokoto wote unahamia kwenye goti.

Ukitaka kuhama

Chukua mcheza karate wa mkanda wa kahawia au mweusi, mwenye afya, anayetaka kupanda kikboksi halafu MMA. Kwa kawaida miezi mitatu ya kwanza haiongezi silaha yoyote mpya. Ni ya kuziba mianya.

Anza na msimamo. Ufupishe hadi miguu ipishane kwa upana wa mabega na nusu unyayo, uzito nusu kwa nusu, kisigino cha nyuma kikiwa juu kidogo. Kipimo ni rahisi: mtu akisema sasa, uweze kuuinua mguu wa mbele papo hapo bila kwanza kuegemea nyuma. Ukishindwa, bado ni mrefu. Halafu kinga ya teke la paja: goti linainuka na kugeuka nje kama nyuzi 45, vidole vya mguu vikielekea juu, teke likutane na sehemu ya juu ya muundi karibu na goti, si katikati ya mfupa. La kigimbi huja chini sana kuweza kuliinulia mguu kila mara. Ukichelewa, geuza goti nje ukiwa umesimama ili ligonge mfupa wa mbele badala ya nyama ya pembeni.

Mikono irudi kidevuni kila baada ya pigo. Njia inayofundisha haraka ni kumpa mshika padi ruhusa ya kukugonga kichwani kwa padi kila mkono wako unapochelewa. Fanya raundi 3 za dakika 2, mapumziko dakika 1, jebu tu wiki mbili za kwanza. Najua inachosha. Lakini jebu ndiyo inayokosekana kwa karibu kila mtu anayetoka kwenye pointi, kwa sababu kwao mkono wa mbele ni wa kuruka nao, si wa kusumbulia.

Ugonjwa wa kusimama unatibiwa kwa kanuni moja ya mazoezi: hakuna pigo la peke yake. Kila ukifikisha, ongeza mawili, kisha ondoka kwa pembe, kushoto au kulia, kamwe si moja kwa moja nyuma. Na asiwepo mtu wa kusema yame. Kengele tu.

Sparingi ianze wiki ya tatu, kwa theluthi ya nguvu, glovu za gramu 454, kinga ya muundi, ya meno na ya sehemu za siri. Sparingi ya nguvu isizidi mara moja kwa wiki, na ndani ya miezi mitatu hiyo si lazima iwepo kabisa. Jimu nyingi za mjini hukosea hapa: kijana mpya anapelekwa kwa bondia mwenye mapambano kumi ili apimwe moyo. Anachojifunza ni kufumba macho. Aliyepigwa akaona giza, akatapika au akasahau alipo, hagusi sparingi mpaka daktari aseme, hata kama kesho yake anajisikia mzima.

Kwa MMA, mwezi wa nne ongeza mambo matatu na usiongeze la nne mpaka hayo yakae: kutupa miguu nyuma unapovamiwa, nyonga ikimwangukia mvamizi mabegani na mkono wako ukizuia shingo yake, kusimama kutoka chini ukiwa umeweka mkono mmoja nyuma, mguu mmoja ukimsukuma na mwingine ukipita chini yako, na kujikinga na roba, mikono miwili kwenye mkono mmoja wa mkabaji, kidevu kikiingia kwenye kiwiko chake. Fanya haya na mtu wa mieleka au judo, si na mwenzako wa karate. Wawili wasiojua kuangusha hufundishana kuanguka vizuri tu.

Joto nalo lina hesabu yake. Jipime kabla na baada ya zoezi. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Rudisha lita moja na nusu, na chumvi kidogo kwenye chakula. Unyevu wa Dar kuanzia Desemba hadi Machi hufanya jasho lidondoke badala ya kukauka, kwa hiyo halipozi mwili. Zoezi gumu liwe kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya magharibi. Kupunguza uzito kwa kuvaa makoti ya plastiki na kukimbia mchana ni jambo la kukatazwa waziwazi, ingawa bado linaonekana.

Pambano la kwanza liwe kikboksi ya ridhaa, raundi 3 za dakika 2, MMA ije baadaye. Raundi ya MMA ya kulipwa ni dakika 5, na mtu aliyezoea dakika 3 zenye vituo hukauka dakika ya tatu, kisha huangushwa kwa uchovu na kudhani kashindwa ufundi. Kabla ya kusaini, uliza upana wa ulingo, uzito wa glovu, kama teke la paja na goti vinaruhusiwa, unaruhusiwa kumshika mtu sekunde ngapi, na kama daktari atakuwepo ukumbini tangu pambano la kwanza. Andaa mazoezi ya wiki sita za mwisho kwa majibu hayo hayo: kama ulingo ni wa mita 5, chora mraba wa mita 5 kwa chaki na usitoke nje yake. Promota akikwambia hayo utayajua siku hiyo hiyo, mwachie pambano lake.